Alama ya Maji kwenye Gereji Yetu

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi; mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyetoka moja kwa moja kwenye zamu yake kwenye maghala ya Smithfield, hapa Sydney, akiwa bado na fulana ya kung'aa mwilini; mdogo wetu wa mwisho, msichana, aliyekuwa upande wa pili wa meza kwa sababu yeye alikuwa kazini; mkubwa wake wa kazi, mama mwenye mvi zilizokatwa fupi; mzee Mwaustralia anayekaa ng'ambo ya barabara yetu, na fimbo yake; na nesi Mkenya aliyekuwa karibu kununua nyumba inayopakana na yetu. Watu wengine wa mtaa walikuwepo pia, labda thelathini, lakini yaliyotokea yalitugusa sisi sita. Nawataja mwanzoni ili mtu asije kusema nimeyasimulia bila mashahidi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Halmashauri ilikuwa imetuita kwenye ukumbi wa mtaa kutuonyesha ramani mpya ya mto. Mto wenyewe wenyeji hawauiti hata mto. Unapita nyuma ya nyumba zetu, katikati ya matete na matairi ya zamani, na miezi mingi ya mwaka mtoto anauruka bila kulowa. Lakini halmashauri ilitaka kupanga upya makazi yote ya kando yake, na kwenye ramani ile kulikuwa na mstari. Nyumba zilizo upande mmoja wa mstari zitabaki. Zilizo upande wa pili zitanunuliwa, zibomolewe, na mahali pake paoteshwe nyasi, maji yakija yapate pa kulala. Sisi tulikwenda kujua nyumba yetu iko upande gani. Hilo tu.

Nyumba ile kwangu haikuwa matofali. Mama yetu alifia kwenye kambi ya wakimbizi, mimi nikiwa na miaka kumi na minane, na neno lake la mwisho la maana lilikuwa: "Msitawanyike." Shule nilikuwa nimekwisha kuiacha tangu miaka mitatu nyuma, baba alipokufa. Nikawa mimi ndiye mama. Wadogo zangu wananiita Yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa kwetu upande wa mashariki ya Kongo. Yule nesi alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alicheka, akasema kwao Kenya yaya ni mlezi wa kuajiriwa. Nikamwambia mimi ndiye yule yule, ila mshahara haukuja.

Tulipofika Sydney tulikaa nyumba za kupanga, hii miezi sita, ile mwaka, mpaka mimi na mdogo wangu wa kiume tukaunganisha mishahara ya ghala na benki ikatukopesha. Nyumba tuliyoipata ilikuwa rahisi kuliko zote tulizoziona. Mwanasheria alinipa karatasi nene kama kitabu, imebandikwa vikaratasi vya njano mahali pa kutia sahihi. Nilitia sahihi kila palipokuwa na njano. Sikusoma. Hata kama ningesoma nisingeelewa nusu yake.

Siku tuliyopewa funguo, miaka minane iliyopita, nilitangulia peke yangu na ndoo na fagio. Nikafungua gereji. Ukuta wa ndani ulikuwa mweupe, na ubavuni mwake, usawa wa kifua changu, mtu alikuwa amechora mstari wa bluu kwa brashi, na pembeni ya mstari akaandika mwaka. Hakuna neno lingine. Mtu mwingine angesema ni mchezo wa watoto, au ni fundi aliyekuwa akipima rafu. Mimi niliweka fagio chini. Nilikaa juu ya ndoo.

Nilijua ni nini kwa sababu ya baba.

Kwetu ni kando ya ziwa Tanganyika, pale ambapo mto unashuka kutoka milimani kwa haraka kisha unatandaa kwenye mchanga kabla ya kuingia ziwani. Watu wanajenga kwenye mchanga ule kwa sababu una rutuba na maji yako mlangoni. Baba hakuwa na elimu ya kupanga miji, wala hakuwahi kusikia kwamba ipo. Lakini kila msimu wa mvua alichukua panga akakata alama kwenye nguzo ya mlango wetu, pale maji yalipofika. Vijana wakioa aliwaleta mbele ya nguzo ile akawaonyesha, "Jengeni sakafu juu ya hii. Na njia ya kupandia mlimani msiizibe na ukuta."

Bibi yangu hakupenda. Kwetu jambo baya halitajwi ndani ya nyumba, na nyumba mpya ndiyo kabisa. Kulitaja ni kuliita. "Wewe unamwandikia mgeni jina mlangoni," alikuwa akimwambia baba. "Atakuja ale."

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mitano mvua ilinyesha milimani siku tatu. Alasiri ya siku ya tatu maji yalikuja na mawe na magogo. Baba alitupandisha mlimani, mama mwenye mimba, mimi, na mdogo wangu wa miaka mitano, kisha akarudi chini kumbeba mama mzee wa jirani asiyeweza kutembea. Hawakupanda, yeye wala yule mama.

Maji yalipopungua nyumba yetu ilikuwa imekwenda, lakini nguzo ya mlango ilikuwa imesimama. Nilifurahi kuiona, Mungu anisamehe. Nikashuka kuishika. Wanaume wa mtaa wakanitangulia. Walikuwa wamepoteza watoto, wake, ng'ombe, na walikuwa wakimtafuta wa kulaumu. Wakasema ni yeye, ni yule mwenye kuandika maji. Waliing'oa nguzo wakaichoma mbele yangu. Haikushika moto vizuri kwa sababu ilikuwa imelowa, wakaimwagia mafuta ya taa. Kwenye kilio cha baba walikuja watu wanne.

Mama aliniambia: "Huyu mdogo na huyu wa tumboni wasijue. Baba yao alikufa kwa malaria." Nikamwahidi.

Basi mtu mwenye historia hiyo, umweke mbele ya mstari wa bluu kwenye nyumba aliyoinunua jana. Nilitembea mpaka duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua kopo la rangi ya krimu, nikapaka ukuta ule mara tatu. Wadogo zangu walipofika na magodoro, rangi ilikuwa haijakauka. Mdogo wangu wa kiume aliuliza mbona ukuta mmoja tu. Nikasema ulikuwa mchafu.

Miaka minane maji hayakuja. Nikaanza kuamini kwamba nilifanya vema. Mdogo wetu wa mwisho alikulia pale, akamaliza shule, akapata nafasi chuo kikuu kule Kensington. Alipotuambia anakwenda kusomea mipango ya miji, mambo ya makazi ya kando ya mito, nilishika kiti. Katika kozi zote zilizoko duniani, akachagua hiyo. Nilimpikia ugali na sambaza, samaki wadogo wa kwetu, nikampongeza.

Mwaka wake wa mwisho chuo kilimpeleka kujifunza kazi kwa watu waliokuwa wakiichora ramani ya mto wetu. Aliwaambia wazi kwamba familia yake inaishi pale. Wakasema vizuri, watu wa mtaa wanakujua, wewe pita nyumba kwa nyumba ukusanye alama za maji ya zamani. Alinieleza kwamba kompyuta inakisia maji yatafika wapi, lakini haijui kama imekisia sawa mpaka uipe alama halisi, doa ukutani, picha, mstari. Bila alama inabahatisha.

Kwetu alifika jioni moja jua bado lipo, na ubao wake wa kuandikia, akajifanya mgeni. Aligonga mlango wake mwenyewe.

"Habari za hapa, mama mwenye nyumba. Natoka mradi wa mto. Je, umewahi kuona au kusikia alama yoyote ya mafuriko katika kiwanja hiki?"

"Ingia, acha mchezo, chakula kinapoa."

"Mama, tafadhali jibu swali, nina nyumba nyingine kumi na tisa."

Nilicheka. Na katika kucheka huko nikasema, "Hapana, hakuna."

Akaandika. Chini ya ukurasa palikuwa na mahali pa mkusanyaji kutia sahihi, akaweka yake.

Nesi naye aliniuliza wiki ile ile, juu ya uzio. Alikuwa ameletwa na dalali kuiona nyumba ya jirani mara ya pili, akanisikia nikiimba Kiswahili uani. "Sista, wewe umekaa hapa kitambo. Niambie ukweli, maji huingia?" Nikamjibu kama nilivyokwisha kujibu nyumbani kwangu. Hapa ni pazuri, nikasema. Watu wake ni wapole.

Sasa turudi ukumbini.

Nilikuwa nimebeba maandazi, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu mahali ambapo mdogo wake anafanya kazi. Yeye alikuwa amebandikwa kikaratasi cha jina kifuani na anaongea Kiingereza cha kikazi na kila mtu, lakini aliponiona akageuka.

"Yaya, hayo weka kwenye meza ya chai. Na usimpe mkubwa wangu matano, ataona aibu kukataa."

"Nimemwekea sita."

"Yaya!"

Ukutani walikuwa wamebandika michoro. Mmoja ulionyesha nyumba zilizofungwa kwenye nguzo ndefu, sakafu yake inaelea, maji yakipanda nazo zinapanda, yakishuka zinashuka. Mdogo wangu wa kiume alisimama pale muda mrefu akasema hiyo anaitaka, akilala akiamka yuko ghorofani. Mwingine ulionyesha ukanda wa nyasi na njia ya kutembea kando ya mto, na kando ya njia nguzo moja ya mti, imekatwa alama. Pembeni ya kila alama, mwaka. Chini kwenye kona palikuwa na jina la mdogo wangu.

Niliitazama nikahisi harufu ya mafuta ya taa. Sisemi kwa mfano. Niliinusa.

"Hii umefundishwa na nani?" nikamwuliza.

"Hakuna. Nilifikiria tu. Watu wanahama, wapya wanakuja hawajui chochote. Mti unabaki." Akaniangalia. "Mbaya?"

"Sio mbaya."

"Basi mbona uso huo? Kunywa chai."

Mkubwa wake akagonga kikombe kwa kijiko, watu wakakaa. Alieleza polepole, na nesi aliyekaa kulia kwangu akanisaidia palipokuwa pagumu. Ukanda mwekundu ni wa kurudishiwa mto. Mwenye nyumba atanunuliwa kwa bei ya soko, akitaka. Ukanda wa njano nyumba zitainuliwa juu ya nguzo, chini kubaki wazi. Ukanda wa kijani zinabaki kama zilivyo, ila barabara ya kutokea itapanuliwa.

"Ati serikali inunue nyumba, ibomoe, ipande nyasi?" nesi alinong'ona. "Kwetu wangebomoa tu. Kununua ni ya nini."

"Usishangae, dada," mdogo wangu wa kiume akamjibu kutoka nyuma. "Hapa hata bata wana wakili."

Nyumba yetu ilikuwa kwenye njano. Na ile ya nesi. Mstari mwekundu ulikuwa umeishia nyumba mbili kabla ya yetu, mama yule akaeleza kwa nini: upande ule wa barabara hawakupata alama yoyote ya zamani, ingawa waliuliza kila nyumba. Nilishusha pumzi. Nesi akanishika mkono. "Mungu ni mwema. Jumatatu natia sahihi."

Hapo ndipo mzee wa ng'ambo aliponyanyua fimbo.

Sikujua kwamba yupo. Alikuwa hospitali wiki nyingi akiwekewa nyonga mpya, na nilidhani bado yuko kwa binti yake. Alisimama kwa taabu, akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Rafiki, mimi mlipopita sikuwepo. Alama ipo. Iko ndani ya gereji ya huyu binti." Na akaelekeza fimbo kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu alijibu kwa heshima. "Samahani, mzee wangu, pale ni kwetu. Nimeishi pale miaka minane. Hakuna kitu."

"Ipo. Mwenye nyumba wa zamani aliichora, mimi nilimshikia kopo. Tulisimama kwenye tope."

Watu waligeuka. Yule mama mwenye mvi akasema kwa upole, labda mzee anaifananisha na nyumba nyingine, miaka ni mingi. Mlango wa kutokea ulikuwa huo, nimefunguliwa bila kuomba. Kukaa kimya tu kulitosha. Na mdogo wangu akanitazama. Alikuwa akitabasamu. Tabasamu lile lilikuwa la kuniambia, mzee wa watu amechanganyikiwa, maskini, tusimwaibishe.

Kwetu mkubwa habishiwi mbele za watu, na wa nyumbani haaibishwi mbele ya wageni. Mambo mnayapeleka chumbani. Mdogo wangu ameyajua hayo kwangu, nimemlea nayo. Nilimwona akitafuta namna ya kumsitiri mzee asiye na kosa, na mwenye kosa amekaa mstari wa tatu na andazi mkononi. Nesi bado alikuwa amenishika. Jumatatu.

Nikasimama.

Kiingereza changu ni cha ghala. Najua inua, panga, hesabu, angalia mguu. Kwa jambo lile hakikutosha, nikasema kwa Kiswahili.

"Waambie alama ipo. Niliipaka rangi mimi, siku tuliyopewa funguo."

Hakutafsiri. Tabasamu lilibaki usoni kama lililosahauliwa. "Yaya, unasema nini?"

"Tafsiri."

"Na nilipokuuliza? Niliandika. Nilitia sahihi."

"Nilikudanganya. Tafsiri na hilo."

Ukumbi mzima ulikuwa ukingoja. Nilimsikia mdogo wangu, niliyemfundisha kusema, akiyageuza maneno yangu moja moja kwa watu wale. Dada yangu anasema alama ipo. Anasema aliipaka rangi. Anasema alinidanganya. Sauti haikutetemeka. Ningependa itetemeke.

Nesi aliuachia mkono wangu. "Na mimi? Mimi pale kwa uzio?"

"Na wewe pia, dada."

"Wewe mwanamke!" Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Jumatatu! Ningetia sahihi Jumatatu! Watoto wangu walale wapi, juu ya kabati?"

Yule mama mwenye mvi akaingilia kati, na swali lake halikuwa nililolitegemea. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Aliuliza, ilikuwa juu kiasi gani? Nikaweka kiganja kifuani, pale. Mdogo wangu akatoa futi ya chuma mfukoni, akaja, akapiga magoti mbele yangu, akaushikilia mwanzo wake sakafuni kwenye kiatu changu akaivuta mpaka kwenye kiganja. Alipima mara mbili. Hakuniangalia usoni mara zote mbili. Alisoma namba kwa sauti, mtu akaiandika, kisha akaenda kwenye ramani akachukua pini nyekundu na kuichomeka juu ya nyumba yetu.

Nimewahi kuzika, nimewahi kukimbia, nimewahi kupanga foleni ya unga siku nzima na mtoto mgongoni. Sijui kama nimewahi kupigwa na kitu kama sauti ndogo ya pini ile ikiingia kwenye ubao.

Mzee alinifuata penye meza ya chai. "Nilikuona siku ile," akasema. "Gereji ilikuwa wazi. Nikawaza, huyu labda ameona ya kutosha kule alikotoka, mwache apumzike."

Miaka minane alikuwa akinipungia mkono kila asubuhi, na anajua. Niliona haya nikashindwa hata kumpa andazi. Alijichukulia mwenyewe, mawili.

Mchana ule ule walikuja nyumbani kuiona alama. Mdogo wangu wa kiume alikwangua. Rangi ya krimu ilitoka kwa vipande, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha bluu ikaanza kuonekana, mbichi kama imechorwa jana. Mkubwa wa kazi alipiga picha. Mdogo wetu wa mwisho alishika futi. Walipotoka kwenda kupima nje, mdogo wangu wa kiume akabaki na kisu cha kukwangulia.

"Mimi nilijua umepaka kitu," akasema. "Nilidhani ni kwa sababu ya baba."

"Baba gani?"

"Yaya. Nilikuwa na miaka mitano, sikuwa kipofu. Nilikuwa nimekaa juu pale mlimani. Niliwaona wakichoma nguzo."

Ukuta ule nikauegemea na vumbi la rangi likanishika mgongoni. Miaka yote ile nikila naye, nikimwambia malaria, naye anaitikia malaria. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unataka tusijue. Nikakusaidia." Akafuta kisu kwenye suruali. "Lakini huyu mwingine hajui kitu. Hilo ni lako."

Ramani ya pili ilikuja baada ya wiki kadhaa. Mstari mwekundu ulikuwa umesogea. Umeimeza yetu, ile ambayo nesi angeinunua, na nyumba nyingine za safu yetu. Ni kweli watatununua, na ni kweli hakuna anayetufukuza, lakini mkopo wa kuinua nyumba hautolewi kwenye nyekundu, na mtu akikaa atakaa peke yake katikati ya nyasi. Tumekubali kuuza. Mdomo wangu ndio ulioibomoa nyumba iliyotuweka pamoja kama mama alivyotaka. Nalisema jambo hilo kwa sababu asubuhi nyingine naamka na kulishangaa upya, kama habari za mtu mwingine.

Mdogo wangu hakufukuzwa. Aliandika barua ya kusahihisha ukurasa wake, akaeleza yote, akatia sahihi ile ile. Mkubwa wake alimwondoa kwenye mtaa wetu akampa kazi nyingine ya mradi, ile ya njia ya kando ya mto. Wiki mbili hakula nyumbani. Ya tatu alikuja na orodha ya nyumba tatu zilizo kilimani, vyumba vinne vinne, akaiweka mezani.

"Tunahama wote pamoja," akasema. "Na safari hii anayekagua kuta ni mimi. Wewe utakaa ndani ya gari."

"Na kopo la rangi?"

"Usinichekeshe, bado nimekasirika."

Nesi alinunua Doonside, mbali na mto, karibu na stesheni. Alinialika siku ya kuibariki nyumba. Mlangoni akaniambia, "Nilikuchukia mwezi mzima. Sasa nimepunguza, nimebaki na kiasi." Kisha akanipa kisu nikatie kachumbari.

Lakini siku ile ya kukwangua, wageni walipoondoka, mdogo wetu wa mwisho alirudi gerejini. Nilikuwa nafagia vipande vya rangi. Alisimama mbele ya mstari.

"Yaya, kitu kimoja sikielewi. Mtu wa kawaida akiona mstari wa bluu ukutani, anaona mstari. Mzee alikuwa hajakuambia chochote. Wewe ulijuaje ni maji?"

Niliendelea kufagia.

"Ulijuaje?"

"Nitakuambia."

"Lini?"

"Kabla hawajabomoa."

"Sawa. Hilo ni deni," akasema. "Usilipake rangi."

Barua ya kubomoa iko kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku. Tukiwa tunakula, mdogo wangu wa kiume huitazama, kisha hunitazama mimi, kisha huomba chumvi. Mama alinifunga kwa neno moja, nifiche, na mdogo wetu wa mwisho amenifunga kwa jingine, niseme, na wote wawili niliwaitikia. Haya nimeyaandika kwa Kiswahili, ambacho mdogo wetu anakisikia na kukisema lakini hakisomi, basi siwezi kusema nimelipa. Anastahili kuambiwa kwa mdomo, mbele ya ukuta ule, kwamba alama hazikuleta maji, na kwamba nguzo aliyodhani ameifikiria mwenyewe, baba yake aliisimamisha kabla yeye hajazaliwa.

Juzi alinipigia simu kutoka kazini. Halmashauri imekubali nguzo ya kando ya mto, wanachagua mti. Akauliza, kwetu kule watu hutumia mti gani kwa nguzo za nyumba?

"Mkaratusi," nikasema.

"Mkaratusi? Huu wa huku Australia?" Alicheka. "Uko kote hapa!"

"Ndio huo."

Kicheko kikaisha. Akangoja niendelee. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake magari, na mtu akimwita kwa Kiingereza. Nikamwambia zamu yangu imeanza, nitampigia baadaye.